Daktari Aingie Jikoni

"Zingatia lishe bora." Kwenye kliniki zetu hakuna maneno yanayotamkwa mara nyingi kuliko hayo. Mgonjwa wa presha ataambiwa, wa sukari ataambiwa, mjamzito aliyepungukiwa damu ataambiwa, na mama wa mtoto aliyedumaa ataambiwa kwa ukali kidogo. Wote wataitikia, "Sawa, daktari," wachukue vitabu vyao vya kliniki, wapande matatu za Masii, Kathiani au Wamunyu, na jioni wainjike sufuria ileile waliyoinjika jana.

Wahudumu wengi huita hali hii ukaidi wa mgonjwa. Mimi nasema ushauri wenyewe haupikiki. Haumwambii mtu aloweke nini, apunguze nini, aanze na nini, na kwa makaa kiasi gani. Haumwambii kwa sababu aliyeutoa hajui. Amekesha akikariri mzunguko wa Krebs, anaweza kukuchorea jinsi sukari inavyoingia kwenye seli, lakini mwulize githeri ya watu watano inataka maharagwe kiasi gani na inakaa motoni muda gani, utamwona anamgeukia sista amwokoe.

Ninachodai katika sura hii ni kitu kimoja: mwanafunzi wa udaktari, wa uafisa wa kliniki na wa uuguzi apike. Picha za makundi ya vyakula ameziona tangu shule ya msingi. Sasa ashike mwiko, apike kile anachokula mgonjwa wake, kwa jiko la mgonjwa wake na kwa pesa za mgonjwa wake. Nimechagua Machakos kuwa mfano kwa sababu mji huo una hospitali kubwa ya Level 5 na kampasi ya KMTC, chuo kinachowatoa maafisa wa kliniki na wauguzi ambao ndio hasa wanaowatibu Wakenya walio wengi. Sababu ya pili ni chakula chenyewe. Ukambani, punje ya mahindi imeshibisha watu, imewaponya watu, na imewaua watu.

Tuanze na kilichomo sufuriani. Isyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kile ambacho Nairobi wanakiita githeri. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa ganda kwa kutwangwa, yakapikwa na mbaazi, kunde au maharagwe. Kuna ngima, yaani ugali, na sukuma wiki au majani ya kunde. Kuna ndengu. Kuna chapati za Jumapili na za wageni, na chai ya maziwa asubuhi na jioni. Mtaalamu wa lishe akiketi na orodha hii hana la kulalamikia sana. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, na maharagwe yana laisini ya kutosha; maharagwe yana upungufu wa methionini, na mahindi yanaujazia. Bibi zetu walioviunganisha hivi viwili hawakungoja maabara. Mbaazi nazo hustahimili ukame, na kituo cha utafiti cha Katumani, nje kidogo ya mji wa Machakos, kimetumia miongo kadhaa kutoa mbegu za mahindi, maharagwe na kunde zinazokomaa kabla mvua fupi za Ukambani hazijakata.

Basi kama chakula ni kizuri hivyo, mbona kliniki ya sukari imejaa?

Jibu moja liko kwenye makaa. Mahindi makavu na maharagwe makavu yasiyolowekwa hukaa motoni kwa muda wa saa tatu hivi. Ugali huiva kabla ya dakika ishirini kwisha. Mama aliyepanga chumba kimoja karibu na soko la Marikiti, anayenunua makaa kwa mkebe, anapiga hesabu hiyo kila jioni bila kalamu. Daktari anapomwambia "kula jamii ya kunde kwa wingi", anamwambia pia anunue makaa ya saa tatu, bila kujua kwamba amesema hivyo. Mama atakula ugali na sukuma, au atanunua chapati kibandani, au atanunua isyo iliyochemshwa tayari kwa mama mboga, ambayo nitairudia baadaye kwa sababu ina jambo lake. Mwanafunzi aliyekaa mwenyewe mbele ya jiko saa tatu akipepea, kisha akarudia upishi uleule kwa maharagwe yaliyolala ndani ya maji usiku kucha, hatasahau tofauti ya makaa yaliyobaki. Siku akiwa kazini hatasema "lishe bora". Atasema, "Mama, loweka leo usiku, mwaga yale maji asubuhi, halafu pika ya siku mbili kwa mpigo mmoja." Hiyo ni dawa yenye kipimo.

Magonjwa haya ya presha na sukari yenyewe yana umri mfupi kwetu. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya Waafrika wapatao 1,000 aliowapima Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, na presha ya juu hakuikuta. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Kenya mwaka huohuo na baadaye akafundisha kwa miaka mingi Mulago, Kampala, ilimchukua hadi 1956 kuandika ripoti ya mgonjwa Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Miaka yote hiyo ya kati, alichokuwa akikiona wodini ni kwashiorkor, utapiamlo mkali wa watoto. Sasa ruka hadi 2015. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka huo ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na asilimia 94 hawafikishi kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa kwa siku. Katika kaunti ya Machakos, ambako msimu wa maembe ukifika matunda huoza chini ya miti, takwimu hiyo inaudhi zaidi.

Kwa hiyo daktari wa leo anakuta magonjwa ambayo Donnison hakuyaona na yale ambayo Trowell alikesha nayo, mara nyingi ndani ya nyumba moja: bibi ana presha, mama ana kilo za ziada, mjukuu amedumaa, na wote wamekula kutoka sufuria moja. Ndiyo maana nasema sufuria ndiyo ya kuchunguzwa.

Wazo la kufundishia tiba jikoni halikutoka ng'ambo, ingawa siku hizi linasimuliwa hivyo. Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, kilianzisha mwaka 2012 jiko la kuwafundishia madaktari wanafunzi, likasifiwa sana, na vyuo vingine vingi vya Marekani vikaiga. Walikuwa na sababu. Tangu 1985 ilipendekezwa huko kwamba kila mwanafunzi wa udaktari apate angalau saa 25 za somo la lishe, na uchunguzi wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 27 tu ya vyuo vilivyojibu ndivyo vilivyofikia kiwango hicho. Jiko la Tulane lilikuwa jawabu zuri, na sina ubaya nalo. Lakini Kampala walitangulia kwa karibu nusu karne.

Mwaka 1965 hospitali ya Mulago ilikuwa na tatizo lisilokwisha. Watoto wa kwashiorkor waliletwa wamevimba miguu, nywele zimebadilika rangi, wakapewa maziwa, wakapona, wakarudishwa nyumbani, na baada ya miezi michache wakaletwa tena, kama walibahatika kuletwa. Hospitali ilikuwa ikitibu mtoto na kumrudisha kwenye sufuria iliyomfanya augue. Chuo cha Makerere wakati huo kilikuwa na Derrick Jelliffe, profesa wa afya ya watoto ambaye kiti chake kilifadhiliwa na UNICEF, mtu aliyesisitiza kwamba chakula cha kumponya mtoto kitafutwe sokoni pake, kisiletwe kwa meli. Kikaanzishwa kitengo cha Mwanamugimu. Mama alikaa na mwanawe, akapika mwenyewe kitobero: matoke au viazi, vikachanganywa na maharagwe, karanga au samaki, vikafungwa kwenye jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Mtoto alinenepa mbele ya macho ya mamake kwa vitu ambavyo mama angevipata kijijini wiki inayofuata. Sindano haikuonekana ikifanya kazi hiyo. Kitobero ndicho kilichoonekana. Kitengo kilikuwa pia mahali pa kufundishia, na kipo Mulago hata leo.

Kilichofanya Mwanamugimu kufaulu ni jambo dogo ambalo wengi walioiga walilisahau. Jiko lake halikuwa zuri kuliko jiko la nyumbani. Kuni zilikuwa kuni, sufuria zilikuwa sufuria. Nimeona maonyesho ya upishi wa lishe yakifanywa kwa meko ya gesi ya sahani nne, blenda, na vijiko vya kupimia vya chuma kinachong'aa, na akina mama wakaketi wakitazama kwa adabu jinsi watu watazamavyo sinema. Na nimeona karatasi za ushauri wa sukari zikigawiwa zenye picha ya brokoli na samaki aina ya salmoni. Nani huyo anayeuza salmoni Mwala?

Sasa niingie kwenye darasa ninalolitaka. Wanafunzi wanane, gorogoro moja ya mahindi makavu ya sokoni, ungo, kinu, michi miwili, jiko la makaa, na mpishi wa makamo kutoka hapohapo Machakos ambaye amepika muthokoi maisha yake yote na analipwa kama mwalimu mwingine yeyote. Wanafunzi watamwita mama, au mwalimu. Atakachokataa ni kuitwa msaidizi.

Kabla ya kutwanga, mahindi yapimwe ukavu. Mama anaweza kung'ata punje na kusikiliza inavyolia. Mwanafunzi apewe njia nyingine: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, achukue punje aijaze hadi theluthi, atie chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, atikise, kisha aiache itulie dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, na hayafai kuwekwa ghalani. Isipogandamana, yamekauka kuliko hapo. Ni kipimo cha bei ya chumvi, na kinaweza kufanywa kwenye baraza la nyumba yoyote. Halafu wachambue kwenye ungo: zilizoingia kuvu, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zote pembeni.

Hapo ndipo mwalimu wa tiba asimame azungumze, wakati vidole vya wanafunzi vimo ndani ya mahindi. Mwaka 1981, katika iliyokuwa wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na manjano na ini lililoharibika. Kumi na wawili kati yao walikufa. Walikuwa wamekula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Mwaka 2004 maafa hayo yakarudi kwa ukubwa usiowahi kuonekana nchini: wagonjwa 317 na vifo 125 kufikia Julai, wengi wao Makueni na Kitui, na wengine Machakos na Thika. Mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Chakula kilikuwa haba, watu wakahofia wezi, wakaingiza mahindi ndani ya nyumba kabla hayajakauka, wakayarundika sakafuni na vyumbani. Ukambani watu wana kumbukumbu ndefu ya njaa. Ile ya 1984 waliiita Nikwa Ngwete, kwa kuwa mtu aliweza kufa pesa ziko mkononi na chakula hakuna cha kununua. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hawezi kuacha mahindi nje usiku. Sumu haikuletwa na ujinga.

Na shida haikuwa kwa wale waliolazwa tu. Mahindi na unga uliochukuliwa madukani na sokoni mwaka huo ulipopimwa, asilimia 55 ya sampuli zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati ule, na asilimia 7 zilizidi kiwango hicho mara 50. Aflatoksini inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yumo hatarini mara nyingi zaidi. Tena moto wa jikoni haumalizi sumu hii. Mwanafunzi ataliona hilo kwenye slaidi na kulisahau. Akiambiwa huku ameshika punje yenye ukungu wa kijani aliyokuwa karibu kuirudisha kwenye ungo, nadhani litakaa.

Kisha kutwanga. Mahindi yananyunyiziwa maji, si ya kulowana, yanaachwa kidogo ganda lilainike, yanatiwa kinuni. Mchi unashuka wima, mapigo mafupi, punje zisuguane zenyewe kwa zenyewe. Ukitwanga kwa hasira unapata chenga. Ukitwanga kwa woga ganda halitoki. Wawili wakitwanga pamoja inabidi wapokezane, na wanafunzi wa kwanza watagonganisha michi na kucheka na kuumia viganja. Baada ya muda pumba inaanza kujitenga, na ile ncha nyeusi kwenye kitako cha punje inadondoka. Yanamwagwa kwenye ungo, yanapepetwa, yanarudishwa kinuni, yanapepetwa tena. Mama ataonja kwa macho aseme bado.

Kazi hiyo ngumu ina faida isiyoonekana. Sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 juu ya muthokoi wa Kenya ulikuta kwamba kukoboa kulipunguza aflatoksini kwa wastani wa karibu nusu, ingawa katika sampuli nyingine ilipungua kidogo mno. Kwa hiyo upishi wa kale una kinga ndani yake, kinga isiyo kamili. Daktari akimwambia mgonjwa "muthokoi ni salama" amedanganya. Akimwambia "muthokoi ni chakula cha kizamani" amedanganya zaidi.

Lakini mwulize mwanafunzi: pumba zile umezipeleka wapi? Atasema kwa kuku, au kwa ng'ombe. Ng'ombe akila pumba zenye aflatoksini, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo, na maziwa hayo ndiyo ya chai ya asubuhi na ya uji wa mtoto. Mduara umefungika ndani ya boma moja. Pia ganda lililotupwa lilikuwa na ufumwele na vitamini za kundi B, kwa hiyo mgonjwa wa sukari anayekula muthokoi mtupu bila mbaazi za kutosha amepoteza kitu. Napenda somo hili kwa sababu halina jibu moja. Kama mahindi ni ya shamba lako, ulianika vizuri na kuyahifadhi kwenye magunia yasiyopitisha hewa, usikoboe kwa sababu ya hofu. Kama ni ya sokoni na hujui yalikolala, twanga. Daktari wa namna hii anauliza mahindi yametoka wapi kabla hajatoa ushauri.

Sasa ile isyo ya mama mboga. Ili iive haraka na kuokoa makaa, hutiwa magadi. Kila mpishi wa bara anajua magadi yanavyolainisha maharagwe na kuzifanya mboga zibaki kijani. Mwanafunzi atajua kutoka kwenye kemia kwamba magadi ni chumvi za sodiamu, na kwamba maji yenye magadi huharibu thayamini na vitamini C. Lakini ni wangapi huunganisha mambo haya mawili wakiwa kwenye kliniki ya presha? Mgonjwa anaambiwa apunguze chumvi. Anapunguza kweli, anaapa kwamba amepunguza, na presha haishuki. Hakuna aliyemwuliza kuhusu magadi, kwa sababu kwake magadi si chumvi, hayamo kwenye kikebe cha chumvi, na daktari naye hajawahi kuyashika.

Fanya hivi darasani: pima kikebe cha chumvi kwenye mizani kabla ya kupika na baada ya kupika, gawanya kwa idadi ya walaji. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kutoka kwenye vyakula vyote, pamoja na mkate na vile vidonge vya mchuzi. Wanafunzi wapike mbaazi mbili: moja kwa mkono wao wa kawaida, nyingine kwa nusu ya chumvi iliyotiwa mwishoni badala ya mwanzoni, ikaongezewa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, nyanya, dania na ndimu. Waonje bila kuambiwa ipi ni ipi. Matokeo siyatabiri. Pengine watapenda ya chumvi nyingi, na wakiipenda basi wamejifunza ugumu wa kile wanachomwomba mzee wa miaka 60 akifanye kuanzia kesho.

Ndimu ile ina kazi nyingine. Madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na maharagwe hufyonzwa kwa shida, na vitamini C husaidia. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia. Kumwambia mjamzito wa Mbiuni ale nyama kila siku ni kumpotezea wakati. Kumwambia ale embe au chungwa baada ya isyo, na chai aisogeze mbele saa moja hivi, ni jambo ambalo atalifanya leo.

Sehemu ya mtoto ndiyo ninayoijali kuliko zote. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na isyo ina ujazo mkubwa. Anashiba kabla hajapata nguvu anazozihitaji. Uji mzito haumezeki, uji mwepesi ni maji. Watanzania walilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1980 kwa kimea, na mwanafunzi yeyote anaweza kulirudia: apike uji wa mtama mzito kiasi cha mwiko kusimama, auache upoe hadi uwe wa moto tu, kisha atie kijiko kimoja cha unga wa wimbi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Akoroge. Baada ya dakika chache mwiko unaanguka. Uji uliokuwa haugeuki sasa unamiminika, unga ni uleule, nguvu ni zilezile. Vimeng'enya vya punje iliyoota vimekatakata wanga. Kisha uchemshwe tena, kwa usalama, na uongezwe karanga zilizosagwa au maziwa. Nasema wimbi na si mtama kwa ajili ya kuotesha, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana kemikali inayozaa sianidi na lazima yaondolewe. Mpishi atakuambia pombe ya kienyeji ya nafaka ilikuwa ikitengenezwa hivyohivyo, na wanafunzi watacheka, na wataelewa kimeng'enya cha amilesi kuliko walivyokielewa mwaka wa kwanza.

Kuna watakaonipinga kwamba kazi hii ni ya wataalamu wa lishe, ambao Kenya imekuwa na sheria yao tangu 2007 na taasisi yao ya kuwasajili. Ni kweli, na jikoni wao ndio wanaopaswa kuongoza. Lakini mgonjwa hufika kwanza kwa afisa wa kliniki, na mara nyingi haendi mbele ya hapo. Mwingine atasema mitaala imejaa. Imejaa, naam, lakini Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimekuwa kikiwatoa wanafunzi wake wa udaktari wakaishi na kujifunza vijijini tangu miaka ya 1990, na hakuna aliyethibitisha kwamba walijua anatomia kidogo kwa sababu hiyo. Saa za jikoni zinaweza kukatwa kutoka kwenye mihadhara ya lishe iliyopo, ile ambayo nusu ya darasa husinzia.

Hofu yangu mimi ni nyingine. Nahofia kwamba siku wazo hili likikubaliwa litapewa jengo. Litafunguliwa kwa utepe, litawekwa meko ya umeme na makabati meupe, na baada ya mwaka litafungwa kwa kuwa hakuna bajeti ya vyakula. Darasa ninalolisema linataka baraza lenye kivuli, majiko manne ya makaa, mizani moja ya jikoni, maji, na pesa za sokoni za kila wiki, ambazo mwanafunzi mwenyewe azitumie Marikiti huku akibembeleza bei. Na mtihani wake uwe hivi: mwanafunzi apewe karatasi yenye mgonjwa mmoja, tuseme mjane wa Matungulu mwenye sukari, wajukuu watatu, mbuzi wawili na shilingi 300 za siku hiyo. Aende sokoni, apike, apakue sahani ya mjane na bakuli la mjukuu mdogo, aeleze kila kipimo. Unga aupime kabla haujaingia kwenye maji, kwa kuwa gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga, na donge la ugali likishageuzwa kwenye sinia hakuna ajuaye lina kiasi gani. Watahini wawe watatu: daktari, mtaalamu wa lishe, na mama mpishi, ambaye nusu ya alama ziwe zake.